AI kwenye duka la jumla: bei halisi iko kichwani kwa karani, haiko kwenye faili

#1 Mizani_ya_Kati (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

"Nifunge AI gani dukani" ni swali la nusu saa. Gumu ni jingine: hapo dukani nani anajua jambo ambalo halijaandikwa popote, na akilisema anapoteza nini? Miradi mingi ya akili unde (AI) kwenye biashara za kati inafia hapo, na lawama anatupiwa fundi.

Tuchukue mfano mmoja tuukalie uzi mzima. Duka la jumla la vyakula na sabuni, Dar es Salaam. Watu tisa: bosi, keshia, makarani wawili wa oda, mtunza stoo, wapakiaji watatu na dereva. Meseji za WhatsApp tuseme 300 kwa siku, nyingi kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi, wenye maduka ya mtaani wanapopanga mzigo. Bosi anataka boti (programu inayojibu meseji yenyewe, si ile ya kwenda Zanzibar) itaje bei, ipokee oda na iandike ankara.

Faili la bei linasema kiroba cha sukari cha kilo 25 ni 70,000, tuseme. Karani anajua zaidi ya hapo. Mteja wa Mbagala akichukua viroba kumi anapunguziwa 500 kwa kila kimoja. Wa Gongo la Mboto anapunguziwa hata akichukua viwili, kwa sababu analipa taslimu na hajawahi kurudisha mzigo. Kuna wa tatu anayeuziwa juu kidogo maana anachukua mali kauli na hulipa Jumatatu. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa. Ukiwasha boti leo, itasoma faili na kuwatajia wote 70,000, na kufikia Ijumaa wateja watatu wameshampigia bosi simu. Bosi atasema mashine mbovu, wakati imesoma kile ilichopewa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote fanya hivi. Toa meseji 200 kwenye simu ya duka: 100 za katikati ya mwezi na 100 za mwisho wa mwezi, kwa sababu mteja mwenye hela haandiki kama mteja anayeomba aongezewe siku. Futa majina na namba za simu. Panga kwenye Excel, safu nne: alichoandika mteja, alichojibiwa, bei ya faili, bei aliyouziwa kweli. Safu ya tatu na ya nne zikitofautiana kwenye mistari zaidi ya 20 kati ya hiyo 200, acha AI kwanza. Kaa na makarani muandike kanuni za bei: nani, kiasi gani, kwa malipo gani. Ni kazi ya siku nne hadi sita na haihitaji kompyuta ya maana.

#2 Bi_Ankara

Mleta uzi umeipita kwa heshima sana hiyo tofauti ya safu ya tatu na ya nne. Ngoja niitaje kwa jina: sehemu yake ni punguzo halali, sehemu yake ni cha juu. Kiroba kimeuzwa 71,000, kitabuni kimeingia 70,000.

Ukienda kwa karani ukamwambia "tunasafisha data", yeye anasikia "tunakagua". Hatakataa. Atasema mtandao unasumbua, halafu kimyakimya ataanza kuwapa wateja namba yake binafsi. Dalili unaipata ndani ya wiki moja: oda za simu ya duka zinashuka, lakini mzigo unaotoka stoo haushuki. Ukiiona hiyo usiguse boti kabisa, haina kosa.

Dawa ipo ila inamuuma bosi. Weka bei ya chini na bei ya juu kwa kila bidhaa, na chochote kati ya hizo mbili karani apate fungu la wazi, mfano 300 katika kila 1,000 aliyoongeza. Halafu bosi atamke mbele ya wote kwamba ya nyuma hayafukuliwi, na ashike neno lake. Mradi unaozikwa haraka kuliko yote ni ule ambao mwezi wa kwanza bosi anatumia takwimu mpya kumkata mtu mshahara kwa mauzo ya mwaka jana. Baada ya hapo hakuna atakayeingiza namba ya kweli kwenye mfumo huo, na mashine itajifunza uongo kwa bidii.

#3 Kijiwe_Namba_Saba

Kwa hiyo AI ni CCTV ya daftari. Nimeelewa sasa kwa nini mtunza stoo ndiye wa kwanza kusema teknolojia haifai.

#4 fundi_wa_tokeni

Niingie kwenye lugha, maana hapa ndipo wauzaji wa mifumo wanapopita mbio.

Saa. Modeli hizi, yaani programu za AI zinazosoma na kuandika lugha, zimelishwa Kiingereza kwa wingi. Mteja akiandika "nileteeni saa mbili asubuhi", kuna siku itaandika 08:00 na kuna siku itaandika 02:00. Usiiachie modeli kazi hii. Iambie itoe vitu viwili tu, namba ya saa na kipindi cha siku, halafu hesabu ifanywe na msimbo (code) wa kawaida: ongeza sita, kisha kipindi cha siku kikidai, ongeza au punguza 12. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa saba mchana 13:00, saa mbili usiku 20:00, saa kumi alfajiri 04:00. Neno "saa" likitangulia namba, chukulia ni saa ya Kiswahili. Ikiwa na am au pm, ni ya Kizungu. Akiandika "2:00" tupu bila kipindi, boti iulize. Gari likifika saa sita kasoro badala ya saa mbili, huyo mteja ameshanunua kwa jirani.

Hela. "Mbili na nusu" ni 2,500 kwenye sabuni, ni 250,000 kwenye oda ya mafuta, ni milioni mbili na nusu kwenye deni. Kuna buku (1,000), kuna jero (500), kuna msimbazi (10,000). Kamusi ndogo ya maneno hayo inasaidia, lakini kinga ya kweli ni moja: kila kiasi kirudishwe kwa tarakimu kabla oda haijaingia. "Jumla ni Sh 250,000. Ni sahihi?"

Vipimo. "Ndoo ya mafuta" ni lita 10 au 20? "Kiroba" cha sembe ni kilo ngapi? Karani anajua kwa kuona jina la mteja. Mashine inabidi iangalie oda tatu za mwisho za mteja huyo, na zikitofautiana iulize.

Sasa neno linaloumiza kuliko yote: sawa. Boti inasema "Viroba vitano, jumla 350,000, tukuletee?" Mteja anajibu "sawa". Nusu ya nyakati maana yake ni "nimekusikia", anakwenda kulinganisha bei kwingine. Mashine inahesabu oda, mzigo unapakiwa, dereva anafika, mteja anashangaa. "Nitakucheki" nayo ni hapana ya kistaarabu, lakini boti inaichukua kama ahadi na kumkumbusha mtu kila asubuhi mpaka anaizuia namba. Tatizo la "sawa" lina suluhisho rahisi: oda ithibitishwe kwa kujibu tarakimu 1, si kwa neno lolote. "Nitakucheki" na "tutaongea" ziwe kwenye orodha ya maneno yanayofunga mazungumzo bila kumfuata mtu.

Ujumbe wa sauti. Maduka mengi oda zinakuja kwa sauti, nyuma kuna bodaboda na redio. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinajitahidi kwenye Kiswahili sanifu, zinayumba mtu akichanganya lugha, na zinaharibu kabisa majina ya bidhaa. Andaa orodha ya majina yote ya bidhaa za duka, kila moja na namna tatu nne wateja wanavyolitamka, na kila jina linalotoka kwenye sauti lilinganishwe na orodha hiyo. Lisilokaribiana na lolote liende kwa binadamu.

Gharama. Unalipa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. "Hawajanilipa" kwetu ni neno moja, kwa mashine ni vipande kadhaa, hivyo ujumbe uleule kwa Kiswahili huwa ghali kuliko kwa Kiingereza. Kosa la kawaida ni kubandika orodha nzima ya bei kwenye kila meseji. Bidhaa 400 kwa makadirio ya tokeni 20 kila moja ni tokeni 8,000. Zidisha meseji 300: milioni 2.4 kwa siku, kabla mteja hajasema neno. Tafuta kwanza kwenye orodha bidhaa tano zinazokaribiana na alichotaja, tuma hizo tu. Unashuka hadi tokeni 100 kwa meseji, 30,000 kwa siku.

#5 Mizani_ya_Kati

Fundi, hiyo ya "sawa" peke yake inatosha kuokoa mafuta ya gari.

Niongeze kuhusu kuanza. Wiki mbili za kwanza boti isimjibu mteja hata mmoja. Iandike rasimu, karani asome, arekebishe, atume yeye. Hesabu yake: kuandika jibu tuseme ni sekunde 60, kukagua rasimu sekunde 20. Unaokoa sekunde 40 mara 300, yaani sekunde 12,000, saa tatu na dakika 20 kwa siku. Faida ipo tayari hata boti isipokuja kujitegemea kamwe.

Wanaotaka kuruka hatua hii watazame hesabu nyingine. Mashine yenye usahihi wa asilimia 95 inasifiwa kwenye maonyesho. Kwenye meseji 300 ni makosa 15 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 390. Je, duka lako lina uwezo wa kuomba radhi mara 390 kwa mwezi?

#6 Mzee_wa_Faida

Mnazunguka sana. Makarani wawili, mishahara miwili. Boti ikifanya kazi nusu, punguza mmoja. Ndiyo maana ya mashine.

#7 Bi_Ankara

Mzee, Klarna ya Sweden ilitangaza Februari 2024 kwamba msaidizi wao wa AI, mwezi wa kwanza, ameshika mazungumzo milioni 2.3 na anafanya kazi ya watu 700. Mwaka 2025 bosi wao mwenyewe akakiri kwamba kubana gharama kulishusha ubora, wakaanza tena kutafuta binadamu wa kuhudumia wateja. Na hao wana wahandisi wa kumwaga. Wewe una fundi mmoja anayekuja Jumamosi.

Lakini tuache Sweden. Ukimpunguza karani mmoja mwezi wa kwanza, yule aliyebaki ameshaelewa zamu inayofuata ni ya nani. Kuanzia siku hiyo hakufundishi kanuni hata moja ya bei. Umeokoa mshahara mmoja, umepoteza kichwa chenye bei zote.

#8 Wakili_wa_Kaunta

Na kisheria si kama kumfukuza kuku. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inalitambua badiliko la teknolojia kama sababu ya uendeshaji, kwa hiyo kupunguza mtu kwa sababu hiyo kunaruhusiwa, ila kwa utaratibu wa kifungu cha 38: unatoa taarifa ya kusudio, unaeleza sababu, unashauriana kuhusu njia za kuepuka, namna ya kuchagua nani aondoke na malipo yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Karani wa miaka minane ni siku 56, mbali na notisi na likizo. Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka notisi ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa kazi, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

La pili ni data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba ya simu ya mteja, jina na deni lake ni taarifa binafsi. Seva za modeli hizi nyingi ziko nje ya nchi, na kusafirisha taarifa nje kuna masharti yake. Njia nyepesi ni kutozituma: boti ione "Mteja 0147", jina na simu vibaki kwenye kompyuta ya duka. Makarani nao wakatazwe kubandika daftari la madeni kwenye AI ya bure ya simu zao. Hata Samsung mwaka 2023 walilazimika kupiga marufuku baada ya wafanyakazi kuingiza msimbo wa kampuni humo.

La tatu, mnaosema "ni boti ndiyo iliyosema, si mimi". Air Canada walijaribu hoja hiyo. Boti yao ilimweleza abiria aliyefiwa kwamba anaweza kuomba nauli ya msiba baada ya safari, jambo ambalo halikuwa kwenye masharti yao. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia likasema kampuni inawajibika kwa kila kilichomo kwenye tovuti yake, na wakalipa kama dola 812 za Kanada. Baraza la Kanada halilifungi duka la Kariakoo, ila mteja mwenye skrinishoti ya bei yako anaijua hoja hiyo bila kusoma hukumu.

Na ankara ya boti si risiti ya EFD. Risiti inatoka kwenye mashine ya kodi yenyewe. Msichanganye.

#9 gikomba_ledger

Wakubwa, nachangia kutoka Nairobi. Mengi yanafanana, machache yako kivyake.

Moja, kamusi ya pesa ya huko haifanyi kazi huku. Sisi ni soo (100), jirongo (500), ngiri (1,000). Mfumo uliofunzwa mazungumzo ya Dar ukiuleta Kamukunji utauliza maswali mpaka mteja achoke. Kusanya meseji zako mwenyewe, usinunue za jirani.

Mbili, na hii ni ya maana kuliko yote: kamwe, kamwe, boti isikubali ujumbe wa M-Pesa uliobandikwa na mteja kama ushahidi wa malipo. Wala picha yake. Modeli inasoma maandishi, haijui kama pesa imeingia, na SMS ya kughushi mtu anaichapa kwa dakika moja. Malipo yathibitishwe na taarifa inayotoka Safaricom yenyewe kupitia Daraja (njia yao ya kuunganisha mifumo ya biashara na M-Pesa), ambapo namba ya muamala, kiasi na till (namba ya duka ya kulipiwa) vinalinganishwa na oda. Visipolingana, oda inasimama na keshia anaangalia. Boti jukumu lake ni kusema "tunasubiri uthibitisho", basi. Isipewe uwezo wa kuandika "tumepokea" kutoka kichwani mwake.

Tatu, WhatsApp ya kibiashara inayounganishwa na boti (si ile app ya kawaida ya WhatsApp Business) ina dirisha la saa 24 tangu meseji ya mwisho ya mteja. Ndani ya hapo unajibu unavyotaka. Likifunga, unatuma tu ujumbe wa muundo uliopitishwa mapema, nao unalipiwa. Boti inayochelewa kuthibitisha oda mpaka dirisha lifunge inakula pesa bila mtu kujua.

#10 Mzee_wa_Faida

Haya, tuseme simpunguzi karani. Vipi mali kauli? Hapo ndipo hela yangu inalala. AI si inaweza kuniambia nani nimkopeshe? Makampuni ya simu si wanafanya?

#11 fundi_wa_tokeni

Wanafanya, na wameanza zamani. M-Shwari ilizinduliwa Kenya Novemba 2012, inapima mkopaji kwa mwenendo wa laini yake ya simu na M-Pesa. Lakini tazama wana nini: wakopaji mamilioni, mikopo midogo ya muda mfupi, na kila siku wanaona nani kalipa. Mikopo elfu kumi ikiharibika wamejifunza kitu. Wewe una wadaiwa tuseme 140, na waliokimbia kabisa ni sita. Hakuna modeli inayojifunza lolote la kuaminika kwa watu sita. Itakachokifanya ni kushika vitu vya bahati, mfano kwamba watatu kati ya sita wanatoka mtaa mmoja, halafu inawanyima wote wa mtaa huo.

Kwa idadi yako karatasi moja ya kanuni inashinda. Kikomo cha mkopo kisizidi wastani wa manunuzi yake ya taslimu ya wiki mbili. Hapati mzigo mpya akiwa na deni lililopita siku 14. Akichelewa mara ya kwanza, kikomo kinashuka nusu kwa miezi miwili. Hapo AI inafaa kwenye kazi ndogo tu: kusoma daftari lililopigwa picha na kupanga madeni kwa umri, siku 7, 14, 30.

#12 Bi_Ankara

Hapo pia kuna msiba. Mteja kafunga duka siku kumi kwa sababu kafiwa, karani anajua maana alitoa rambirambi. Mashine inaona siku kumi za kimya na kumtumia "deni lako limepitiliza" akiwa matangani. Deni hilo litalipwa, lakini mteja huyo humwoni tena, na mtaa mzima utasimuliwa. Vivyo hivyo Januari ya ada za shule, na Ramadhani kwa wenye maduka ya chakula cha mchana. Kanuni ya siku 14 iwepo, ila kitufe cha kuisimamisha akishike mtu anayewajua wateja, na aandike sababu kwa neno moja: msiba, ada, ugonjwa, safari. Baada ya miezi sita hayo maneno ndiyo data yenye thamani kuliko zote ulizonazo.

#13 Wakili_wa_Kaunta

Na ndivyo sheria inavyotaka. Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutobebeshwa uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake. Sheria ya Tanzania nayo inamlinda mtu dhidi ya maamuzi ya namna hiyo. Kitufe cha Bi Ankara ndicho binadamu anayetakiwa kuwepo, mradi asiwe wa kupiga muhuri tu.

#14 Kijiwe_Namba_Saba

Wa kupiga muhuri ndiye tatizo. Rasimu mia zikiwa sahihi, ya mia na moja nani anaisoma?

#15 Mizani_ya_Kati

Hoja nzito hiyo. Wiki ya tatu karani anabofya "tuma" bila kusoma, hilo hutokea karibu kila mahali. Njia inayofanya kazi: kila siku boti ipenyeze rasimu tano zenye kosa la makusudi ambazo mfumo hauziruhusu zimfikie mteja. Jioni unahesabu ngapi zimekamatwa. Zikikamatwa chini ya nne, karani amechoka au amezidiwa, punguza kasi. Ila itangazwe wazi siku ya kwanza, na isihusishwe na mshahara. Ukifanya kwa siri, siku itakayojulikana ni mtego, umerudi kwenye CCTV.

Na shoti, yaani hela au mali inayopungua kwenye hesabu. Maduka mengi kesi ya shoti ni makato kwenye mshahara wa keshia au karani. Kabla boti haijawashwa iandikwe kwenye karatasi na isainiwe: kosa lililoanzia kwa mashine halikatwi kwa mtu. Bila karatasi hiyo karani mwenye akili atakataa kila rasimu na kuandika mwenyewe, na atakuwa na haki.

La mwisho kwangu ni nani apewe mradi. Kawaida anapewa kijana, mtoto wa shemeji, kwa sababu anajua simu. Mama wa miaka 15 kaunta, anayejua kila mteja na jina la mwanawe, anaambiwa "utaelekezwa". Hapo umegeuza heshima ya duka juu chini, na yule mama hatagombana na mtu. Atajibu alichoulizwa na kunyamaza kwa mengine yote. Geuza: yeye awe mkaguzi, kanuni za bei zipite kwake na kibali cha mwisho kiwe chake, kijana awe fundi chini yake. Jumamosi dakika 45, wanasoma pamoja makosa 20 ya wiki. Kila kosa linapewa moja ya sababu nne: bei, lugha, stoki, au mtu. Nywila ya mfumo iwe mikononi mwa watu wawili, na mmoja asiwe ndugu. Kijana akiondoka nayo siku ya ugomvi wa kifamilia, duka linaanza upya.

#16 gikomba_ledger

Swali dogo. Huko kwenu mteja akiingia na "shikamoo", boti ijibu nini? Huku akipewa "marahaba" na mashine atapiga picha aiweke mtandaoni.

#17 Bi_Ankara

Isijibu marahaba kamwe. Marahaba ni ya mkubwa, na mashine haina umri. Isianze na shikamoo pia, maana itamwamkia mtoto wa darasa la sita aliyetumwa na simu ya baba. "Karibu" inamtosha kila mtu. Na iangalie salamu isiwe ndefu: Mswahili anaandika "habari za asubuhi" kwenye meseji ya kwanza na oda kwenye ya pili. Boti nyingi zinajibu ya kwanza kwa aya nzima kabla oda haijafika. Iwekwe isubiri sekunde 20 tangu meseji ya mwisho, ikusanye zote, ndipo ijibu mara moja.

Jina pia. Acheni kuiita Asha. Wateja wanaanza kumbembeleza Asha apunguze bei, wengine wanamtaka namba, na siku wakijua ni mashine wanaona wamefanywa wajinga.

#18 fundi_wa_tokeni

Naweka maandishi ya kufungulia, anayetaka achukue:

"Karibu. Hii ni mashine ya duka, inapokea oda na kutaja bei. Andika bidhaa, idadi na saa ya kupelekewa. Ukitaka kuongea na mtu, andika MTU."

Neno MTU lisikike hata likiandikwa "nipe mtu", "mtu wa kweli", "we nani", au matusi. Matusi yote yaende kwa karani moja kwa moja, hayo ni maombi ya kuongea na binadamu. Asipopatikana ndani ya dakika tano, simu ya bosi iite.

#19 Mzee_wa_Faida

Simu ya bosi ndiyo yangu. Haya, naanza na hizo meseji 200.